Data moja, skyunesi tatu: ushike ipi kwenye mvua kubwa za mwaka?

Mkuu, umesema mvua kubwa ya siku moja kwa kila mwaka, miaka 30, inakupa skyunesi (kipimo cha jinsi data inavyoegemea upande mmoja wa wastani) ya 1.26 kwenye Excel, 1.20 kwenye maktaba ya scipy ya Python na 1.14 kwenye kifurushi cha e1071 cha R. Hakuna iliyokosea, ila kila moja ina fomula yake.

Anza na ya scipy, ambayo haina marekebisho. SKEW ya Excel huizidisha kwa √(n(n−1))/(n−2), n ikiwa idadi ya miaka, na kwa n = 30 hiyo ni 1.053. e1071 huizidisha kwa ((n−1)/n)^1.5, yaani 0.950. Andika bias=False kwenye scipy na type=2 kwenye e1071, zote zitalingana na Excel. Kwa Pearson III (mgawanyo wa kukadiria mvua kubwa adimu) mimi ningeshika hiyo ya Excel, maana sampuli fupi hushusha skyunesi na fomula hiyo hufidia kiasi.

Hata hivyo, pengo hilo ni dogo. Kwa mvua ya miaka 100 (yenye uwezekano wa 1% kila mwaka), K, yaani idadi ya mikengeuko sanifu inayoongezwa juu ya wastani, ni kama 3.11 ukitumia 1.14, na 3.19 ukitumia 1.26. Mkengeuko sanifu ukiwa 25 mm, tofauti haifiki 2 mm.

Kinachovuruga kweli ni mvua moja kubwa. Tofauti na wastani hupandishwa kipeo cha tatu, kwa hiyo mwaka uliozidi wastani kwa 100 mm unachangia mara 8 ya uliozidi kwa 50 mm. Itoe ile ya juu kabisa, piga upya, uone namba inavyoporomoka. Halafu irudishe! Usiifute kabla ya kufungua fomu ya kituo: huenda nukta ya desimali imeruka, au kipimo hakikusomwa wikendi na maji ya siku tatu yakaandikwa Jumatatu. Kagua pia miaka yenye kilele kidogo mno. Mara nyingi mwezi mzima wa masika haupo.

Ikishathibitika ni mvua halali, tumia momenti za L (vipimo vya umbo la data vinavyopigwa kwa thamani zilizopangwa kwa ukubwa), ambazo hazina vipeo hivyo. Usilinganishe namba zake na za kawaida: Gumbel, mgawanyo wa thamani za juu kabisa, ina skyunesi 1.14, lakini kwa L ni 0.17. Na ukienda GEV (mgawanyo mpana unaoijumuisha Gumbel), kumbuka c, yaani namba ya umbo, ya genextreme kwenye scipy ina alama kinyume na ya vitabu vingi. Umbo likifika 1/3 kwa alama ya vitabu, skyunesi ya mgawanyo wenyewe haipo tena, hivyo ile ya sampuli haikadirii kitu.