Jibu: Mji wa Toretsk "hauna historia" kabla ya 2016

Habari mkuu. Umesema unatafuta habari za Toretsk, mji wa migodi ya makaa ya mawe kule Donetsk, Ukraine, na kila ukirudi nyuma ya 2016 hupati kitu. Anza na jina. Hadi 2016 mji uliitwa Dzerzhynsk, kwa heshima ya Felix Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi wa siri wa Kisovieti. Sheria ya 2015 ya kufuta majina ya kikomunisti ndiyo iliyouondolea jina hilo. Ukienda hadi enzi za tsar, tafuta Shcherbynivka.

Sasa mtego. Urusi nako kuna Dzerzhinsk, mji wa viwanda vya kemikali. Mimi nilijaza daftari nusu kabla ya kushtuka kwamba mbona hakuna makaa! Angalia maandishi: Kiukreni ni Дзержинськ, ile ь kama b ndogo kabla ya к ya mwisho, Kirusi hakina. Ila hati nyingi za Kisovieti ni za Kirusi, kwa hiyo hakikisha pia zimetaja Donetsk, au Stalino kwa zile za kabla ya 1961.

Jirani yake ni Niu-York (ndiyo, New York!), iliyoitwa Novhorodske kuanzia 1951 hadi 2021. Itafute kwa majina yote mawili.