Kiharusi kilikuwa kidogo, mbona mume wangu hajarudi kuwa yule yule?

SWALI: Daktari, shikamoo. Miezi 14 iliyopita mume wangu, mwenye umri wa miaka 56, alipata kiharusi kidogo. Mdomo ulipinda na mkono ukalegea, lakini baada ya siku chache akarejea dukani kwake. Sasa huchoka kabla ya adhuhuri, hukosea chenji mteja wa pili akimsemesha, na hulia kwa jambo dogo. Ndugu zake wanasema anadeka. Je, ni kweli? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, mama. Mumeo hadeki, na ninakuomba uwasomee ndugu zake jibu hili.

Kiharusi huitwa kidogo kwa kutazama udhaifu wa uso, mkono na usemi siku ile. Uchovu, umakini na hisia havipimwi sana. Mshipa mwembamba ukiziba ndani ya ubongo, jambo linalowapata mara nyingi wenye shinikizo la damu la miaka mingi, seli za hapo hufa, na baadaye hubaki kishimo chenye majimaji, pengine cha milimita 3 hadi 15, ambacho hakijai tena. Nyuzi za neva zilizopita hapo nazo husinyaa polepole hata mbali na jeraha, na kama ndizo zilizounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na nyingine, mtu hutembea na kuzungumza vizuri huku akishindwa kushika mambo mawili kwa pamoja. Ndiyo hiyo chenji.

Kilio kina sababu mbili zinazofanana kwa nje: hisia zinazofumka bila huzuni ya kweli, au sonona, ambayo humpata takriban mtu mmoja kati ya watatu baada ya kiharusi. Zote zina dawa, kwa hiyo mweleze daktari wake waziwazi.

Ninachokiogopa zaidi ni dawa za presha kuachwa kwa sababu mgonjwa anajiona amepona. Vipo viharusi visivyopindisha mdomo wala kulegeza mkono, vinavyoonekana kwenye picha ya MRI tu, na kila kimoja huongeza upungufu wa kumbukumbu. Wagonjwa wengi wa namna hii hulengwa presha iliyo chini ya 130/80.

Dukani, hesabu zifanywe asubuhi, redio ikiwa imezimwa, na mchana apumzike kabla hajachoka kabisa. Udhaifu au usemi mzito ukirudi ghafla, hata ukiisha baada ya dakika kumi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.