Jibu: Kodi ya nyumba inanitosha, nirudi wodini?

Dada, umesema nyumba zako za Manyatta hapo Kisumu zinakupa zaidi ya mshahara wa uuguzi, na sasa kuna hospitali inakuita. Unauliza kama kuna haja ya kwenda. Mimi nakwambia nenda.

Mjomba wangu wa Nakuru aliacha ualimu kodi ilipoanza kumtosha. Mwanzoni alifurahia sana. Baadaye ukipita kwake saa nne asubuhi unamkuta getini, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, anamsubiri fundi wa bomba, na fundi akimaliza anamzuia kwa chai ili asiondoke. Siku hizi anafundisha watoto wa mtaa hesabu jioni, bure, na amekuwa mtu mwingine kabisa.

Upande wa pesa ni mfupi. Ile asilimia 7.5 ya mapato ya nyumba unayolipa KRA, mamlaka ya ushuru, haiguswi na mshahara. Kwenye mshahara kuna makato ya PAYE (kodi ya mapato), NSSF (akiba ya uzeeni), asilimia 2.75 ya SHA (bima ya afya) na 1.5 ya ushuru wa nyumba za bei nafuu.

Zamu za usiku ndizo zinanitia wasiwasi, maana mtoto wako bado ni mdogo. Huna njaa, kwa hiyo unaweza kukataa mambo ambayo wenzako wanayameza. Omba mchana, siku tatu kwa wiki, mkataba wa miezi sita. Wakikataa, ulizia kliniki ndogo. Na hata ukibaki nyumbani, tafadhali leseni yako ya Baraza la Wauguzi isiishe muda.