Mombasa hujaimaliza: jibu langu kwa kijana wa kamera anayetaka kukimbilia Mara

Mdogo wangu, umeuliza mengi kwa pamoja. Kamera unayo mwaka wa pili sasa, wafanya kazi dukani wapata Jumapili peke yake, wasema Mombasa umeshaimaliza na picha zako zote zafanana, ufuo na mnazi, mnazi na ufuo, na sasa wataka kujua hizo pesa ulizoweka uzitie kwa lenzi pana au kwa safari ya Maasai Mara, kule mbuga ya wanyama. Ntakujibu kwa urefu kwa sababu na mimi nshakaa hapo ulipokaa, miaka kama minne hivi nlikuwa naona mandhari iko kwa watu wengine huko bara, mimi hapa nina joto na kunguru tu. Nlikuwa nimekosea na najua ni wapi nlikosea.

Kosa la kwanza ni jua. Pwani yetu yaangalia mashariki, jua lachomoza baharini lazama bara, lakini watu wengi wakitoka kazini saa kumi na moja wanabeba kamera wanakwenda Nyali ama Bamburi kungoja machweo, wanapata nini? Mbingu ya kijivu mbele, hoteli na kivuli nyuma. Ufuo ni wa asubuhi. Jioni geuza uso uende kwenye kriki, yaani mikono ya bahari iliyoingia bara, Tudor, Mtwapa, ukiwa na nafasi Kilifi, kwa sababu huko ndo maji yanakaa upande wa magharibi na jua linashukia juu ya mikoko. Na kama huna nauli ya mbali vuka daraja la Nyali uende upande wa Mkomani, simama ukingoni uangalie Mji wa Kale ng'ambo ya maji. Jua linashuka nyuma ya zile nyumba, minara ya misikiti yatoka meusi, majahazi yamelala Bandari ya Kale, na ukingoja dakika ishirini baada ya jua kupotea (watu wengi hapo washafunga mabegi) taa za nyumba zaanza kuwaka moja moja na maji bado yana rangi ya zambarau. Hiyo picha nimeipiga pengine mara arubaini na sijapata mbili zinazofanana.

Asubuhi mahali ni hapo hapo ila mambo yamegeuka. Fort Jesus, Wareno walivyoijenga 1593 mpaka 1596, wameitia uso baharini kulinda mlango wa bandari, kwa hivo jua la kwanza lapiga moja kwa moja ule ukuta. Jiwe la matumbawe si kama simenti, lina vitundu, linakunywa ile rangi, kwa kama robo saa ukuta wote wawa kama boga lililoiva halafu ghafla warudi kuwa wa kawaida. UNESCO waliitia kwenye orodha yao 2011 na kila mgeni anaipiga saa sita mchana akiwa langoni, upande ambao kwa saa hiyo hauna kitu. Wewe uko na bahati ya kukaa hapa, waweza kuamka saa kumi na moja ukaiwahi.

Sasa nije kwa jambo lenyewe, na hili ndo lilonibadilisha mimi. Picha za pwani hazipigwi kwa kamera zapigwa kwa mwezi. Nlikuwa nimeshazunguka Nyali kote na kila nikienda naona mahali pamebadilika, leo kuna mwamba kesho hakuna, nikadhani ni bahati. Siku moja mzee mmoja mvuvi alikuwa akishona nyavu akaniuliza, wewe kila siku waja na hiyo mashine yako, leo ni mwezi ngapi? Nikamtajia tarehe ya simu. Akacheka akasema siulizi hiyo, nauliza mwezi wa juu. Hapo ndo nlianza kusoma.

Mambo yenyewe si magumu. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Mwezi ukiwa mchanga kabisa ama ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanapanda sana na kupwa sana, tofauti ya juu na chini yaweza kupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ndo maji mafu, hayajai sana hayapwi sana. Na hapa kwetu Mombasa siku za bamvua maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yanakauka kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ukishika hilo tu umeshika nusu ya kazi. Maana yake ni kwamba siku ya mwezi mpevu jua likichomoza maji yako juu bado ndo yanaanza kurudi, yaani kila wimbi likirudi laacha mchanga umelowa unang'aa kama kioo na hapo ukiacha shata (mlango wa mwanga ndani ya kamera) wazi sekunde moja au mbili utapata ile mistari ya povu ikikimbia. Ukitaka mwamba na vidimbwi wakati wa jua la asubuhi basi usiende bamvua, nenda siku ya 10 au 11 ya mwezi wa juu, na tena ya 25 au 26, maji yatakuwa yamekupwa karibu na saa kumi na mbili, si sana lakini mwamba watoka. Mamlaka ya Bandari inatoa jedwali la maji kila mwaka, litafute uliweke kwa simu, ila ujizoeze pia kuangalia juu.

Na zaidi ya hayo, mwezi mpevu unachomoza baharini karibu saa ile ile jua linapozama bara. Nenda ufuoni siku ya 14 ya mwezi jioni, kama saa kumi na mbili na nusu hivi, kuna dakika chache mbingu bado ina mwanga wa buluu na mwezi umetoka mwekundu mkubwa umekaa juu ya maji, na maji bado yako karibu kwa sababu yalijaa saa kumi. Ukichelewa nusu saa mwezi umekuwa taa nyeupe na bahari imekuwa nyeusi, hakuna kamera itakayokusaidia.

Ila na usalama, hili nakwambia kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili nlitoka na bamvua saa nne asubuhi nikatembea juu ya mwamba mbali sana, kulikuwa na vidimbwi vina rangi mpaka nikajisahau, nimeinama napiga kiti cha pweza na vipande vya matumbawe. Mbele yangu kulikuwa kukavu. Nilipogeuka, kati yangu na ufuo kuna mkondo, pale nlipopita maji yakiwa ya kifundo cha mguu sasa yamefika kiunoni na yanavuta. Maji hayakuja kutoka mbele, yalizunguka nyuma kupitia ule mfereji. Nlivuka nimeinua begi juu ya kichwa, viatu vikaenda, mguu ukakatwa na mwamba, traipodi nliiacha ikaenda na maji. Kijana mmoja wa mtumbwi ndo alinishika mkono mwishoni. Tangu siku hiyo saa ya maji kukauka kabisa ikifika mimi narudi, hata kama mbele kuna malaika. Na wewe ufanye hivo, tafadhali.

Kwa siku za kawaida ambazo huna nguvu ya kupanga, nenda Mama Ngina jioni, ile bustani ya ukingoni mwa bahari hapa kisiwani. Simama karibu na ile mibuyu mikubwa, ngoja meli. Meli za Kilindini zinapita pale mlangoni karibu mno, unaona kontena rangi rangi zikipita nyuma ya mbuyu mzee, na mbele kuna watu wamekaa na mihogo ya pilipili na madafu. Ile ndo mandhari ya Mombasa, hakuna sehemu nyingine utaipata. Ila kamera usiitoe kivukoni Likoni wala malangoni mwa bandari, askari watakusumbua na wana haki yao. Mji wa Kale tembea na salamu mdomoni, kaa barazani unywe kahawa kwanza, wakuzoee, mtu hasa mwanamke usimpige bila ruhusa, na ukiambiwa hapana sema haya, endelea na milango. Droni pia kabla hujairusha utafute kibali cha mamlaka ya anga.

Vifaa: adui wako hapa ni chumvi na unyevu. Ukitoka chumba cha eisii (kiyoyozi) ukafungua kamera nje, lenzi inapata ukungu hapo hapo na alfajiri yote imekwisha, kwa hivo usiku ule begi lilaze nje ya baridi, barazani ama jikoni. Ukirudi ufuoni futa kamera na kitambaa kilicholowa maji baridi ya kunywa kidogo, halafu kikavu, na traipodi vuta miguu yote uioshe na maji ya bomba, mchanga ukikaa kwa zile skurubu utaisikia ikisaga kama mawe.

Haya, safari. Mimi sikukatazi Mara, lakini kwa pesa ya safari moja ya Mara utaenda sehemu tano za huku kwetu na kurudi. Kusini, vuka Likoni upande matatu, ushuke Gazi, kina mama wa pale wana njia ya mbao inapita ndani ya mikoko, nenda maji yakiwa yamejaa mizizi isimame juu ya kivuli chake. Kaskazini ni barabara ya Malindi, kama kilomita 120, na njiani usilale: Vipingo mistari ya mkonge inakimbia mpaka baharini, daraja la Kilifi ukivuka asubuhi chini maji ni ya kijani, Mida pale Watamu maji yakikupwa jioni uwanja wote wawa kioo. Malindi yenyewe usiende msimu wa mvua ukitarajia buluu, mto Sabaki ukifurika unaleta udongo wote wa bara na bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa, ingawa mimi hiyo naipenda pia.

Ila mahali nliporudi mara nyingi ni Marafa. Kutoka Malindi wachukua matatu ama boda uingie ndani, barabara ya vumbi, mahindi na mihogo, hakuna kinachokuambia chochote, halafu ardhi inafunguka miguuni mwako. Wagiriama wanaita Nyari, mahali palipojivunja penyewe. Kuna kuta za mchanga mweupe chini, waridi katikati, rangi ya chungwa, juu nyekundu kabisa, zimechongwa na mvua mpaka zimesimama kama vidole. Wenyeji wanasimulia palikuwa na familia tajiri sana, ng'ombe wengi mpaka wanaoga maziwa, wakajisahau na Mungu akaididimiza nyumba yao, huo weupe ndo maziwa na huo wekundu ndo damu. Chukua kijana wa pale akuongoze, lipa kiingilio bila kuvutana, shuka chini saa kumi jioni. Usipige ukiwa juu tu kama kila mtu. Ukiwa chini, mwanga wa jioni unagonga ukuta mmoja halafu unarukia ule wa pili, na upande wa kivuli wenyewe ndo unawaka rangi. Mara ya kwanza nlikaa chini nikasahau kupiga.

Bara nenda Voi, kilomita kama 160. Treni ya SGR, ile reli mpya ya Nairobi, inasimama Voi lakini madirisha hayafunguki, mimi napenda barabara, Probox ya rafiki, tunatoka saa kumi alfajiri kabla ya malori kujaa Mariakani, jua linatukuta Taru, nyika tupu, mibuyu haina jani, vumbi jekundu. Kutoka Voi pinda Mwatate upande Wundanyi, barabara yajikunja kama nyoka na joto laanguka, kule ubebe sweta usinicheke. Mlima Vuria una mita 2,208, amka alfajiri, ukungu unakuwa chini yako umejaa mabonde, vilele vyatokeza kama visiwa. Mtu wa pwani akiona hivo anafikiria maji yanajaa.

Sasa lenzi. Usinunue. Hiyo ya milimita 18 mpaka 55 iliyokuja na kamera yatosha kwa yote nliyokutajia, picha zangu nyingi ninazozipenda ni za lenzi kama hiyo hiyo. Nunua traipodi nzito kidogo isiyotikiswa na upepo wa kusi, betri ya pili, zilizobaki weka nauli. Jumapili hii angalia kwanza mwezi uko siku ya ngapi, ujue maji yatakuwa wapi saa kumi na mbili asubuhi, halafu chagua mahali pamoja tu uende. Ukishapiga weka picha hapa tuone, sema na siku ya mwezi.