Kelele kwenye redio ya CB ya gari: jua inapoingilia kabla hujanunua filta

Nyie mnaofunga CB (redio ya kuongea hewani na magari mengine) kwenye gari kwa mara ya kwanza, wengi mkisikia mluzi au makwaruzo kwenye spika swali la kwanza ni ninunue filta gani. Subirini kwanza. Filta ya kwenye waya wa umeme inatibu kelele inayopita kwenye huo waya tu, kama yako inaingilia kwenye antena utafunga filta tatu na kelele itabaki pale pale, alafu utasema redio ni mbovu wakati redio haina kosa.

Kipimo chenyewe ni rahisi sana. Washa injini, fungua skwelchi (kitufe kinachonyamazisha spika wakati hakuna anayeongea) mpaka mwisho usikie mvumo wote, alafu chomoa waya wa antena nyuma ya redio. Kelele ikikata, inaingilia kwenye antena. Ikibaki vile vile, inakuja na waya wa umeme. Ila hapo tafadhali usibonyeze maiki antena ikiwa imechomolewa, transista za mwisho, zile zinazosukuma nguvu kwenye antena, zinaweza kuungua.

Baada ya hapo tumia masikio. Mluzi unaopanda na kushuka kadri unavyokanyaga mafuta mara nyingi ni altaneta. Tik tik tik inayofuata mwendo wa injini ni moto wa plagi. Kelele ambayo haijali resi, ipo hata injini ikiwa imezimwa na swichi iko on, hiyo tafuta pampu ya mafuta, feni, taa za LED, kamera ya dashibodi na hasa chaja za simu. Kiukweli siku hizi mimi naanza na chaja, ndani yake kuna saketi inayokata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde au zaidi na uchafu wake unafika mpaka 27 MHz, masafa ya CB, bila shida. Chomoa kila kitu kilichochomekwa, sikiliza, rudisha kimoja kimoja. Unaweza pia kuchomoa fyuzi moja moja kutafuta mwenye kelele ila za eabegi na breki usiguse.

Kama inakuja na waya wa umeme, acha kuchukua umeme kwenye kichomeo cha sigara au nyuma ya redio ya muziki, pale umechangia waya na vitu kibao. Vuta waya mbili nene mpaka kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri sio karibu na redio, maana waya ukichunika njiani unataka fyuzi ikate kabla waya haujashika moto. Gari za kisasa zenye sensa kwenye terminali ya negativu, usifunge ethi yako (waya wa negativu) juu ya terminali, funga pale waya wa betri unaposhika bodi, la sivyo sensa itakuwa inasoma uongo. Na hizo waya zisitembee sambamba na waya za plagi au za injekta, zikilazimika kukutana zikatizane kama msalaba.

Sasa ethi, hapa ndio naomba muelewe vizuri kwa sababu ndipo kelele nyingi za antena zinapotibika. Kitako cha antena lazima kishike bati tupu, yani kwangua rangi kwa msasa mpaka uone chuma kinang'aa, kaza, alafu paka grisi kwa nje kutu isirudi. Lakini usiishie kwenye kitako. Boneti inashikwa na bawaba zenye rangi na grisi, ekzosi inaning'inia kwenye raba toka injini mpaka nyuma ya gari, kwa hiyo vipande hivi havijashikana vizuri na bodi, vinapokea kelele ya injini na kuitupa hewani kama antena nyingine. Kuna pikapu moja antena ilikuwa nyuma kabisa, mbali na injini, na bado tik tik ilikuwa inafunika sauti za watu. Injini ikiwa bado ya baridi tulichukua kipande kifupi cha waya bapa wa kusuka, tukabana upande mmoja kwenye ekzosi na mwingine kwenye chesisi, na pale pale kelele ikashuka, ukibandua inarudi. Waya uwe mfupi na mpana, mwembamba mrefu kwenye masafa haya hausaidii hata kama mita inasoma ziro.

Plagi ziwe zile zenye rezista ndani, kwa NGK angalia herufi R kwenye namba kama BPR6ES. Waya za plagi zikizeeka zinapasuka na kuvujisha cheche, fungua boneti usiku injini ikiwa inaunguruma utaziona za bluu, angalia tu mikono mbali.

Feraiti (pete nyeusi za kubana kwenye waya ili zizuie kelele) nazo zinafanya kazi ila watu wanazibana kwenye waya wa redio wakati zinatakiwa ziwe kwa mwenye kelele, karibu kabisa na chaja au pampu. Kwa 27 MHz tafuta feraiti ya aina 31, na ukipitisha waya mara tatu ndani yake nguvu ya kuzuia inakuwa kama mara tisa ya kupitisha mara moja, kwa hiyo tafuta yenye tundu kubwa. Moja pia izungushiwe kebo ya antena pale kwenye kitako, kuna kelele inatembea juu ya ngozi ya kebo, yani ule wavu wa waya wa nje.

Vitufe vya NB na ANL, vile vya kupunguza kelele kwenye redio yenyewe, viwe vya mwisho. Vinapunguza tik tik za plagi lakini mluzi wa altaneta haviuwezi. Na skwelchi haiondoi kelele, inaziba spika tu, na mtu wa mbali mwenye sauti dhaifu unamziba pamoja nayo.

Kama wewe unasikia safi ila wenzako wanakwambia kuna mluzi nyuma ya sauti yako, endesha redio kwa betri ya pembeni ya volti 12 injini ikiwa inawaka. Mluzi ukiondoka, pimisha altaneta kwanza, daiodi ya ndani yake ikifa inapitisha mluzi hata waya zako ziwe nzuri namna gani.