Kamera nne za dukani: usikubali zirekodi mtu akipita tu

Mkuu simama hapo hapo, usimlipe huyo fundi hata mia. Nimesoma bandiko lako mara mbili, unafungua duka la vifaa vya ujenzi, unataka kamera nne, unauliza uchukue za megapikseli ngapi, za waya au za waifai, na app ipi nzuri ya kuangalilia ukiwa safarini. Sawa. Ila katikati hapo kuna sentensi umeipitisha kama vile si kitu, eti fundi kasema muweke zirekodi pale tu panapotokea mwendo ili hadidisiki isijae haraka. Sentensi hiyo hiyo niliambiwa mimi, Morogoro, 2021, na mimi nikajibu sawa fundi, wewe ndo unajua.

Usikubali. Nakuandikia usiku huu kwa sababu naijua mwisho wake.

Mimi nilikuwa na duka mbele na stoo nyuma, katikati kiwanja kidogo, ukuta wa tofali kwa huku na mwembe wa jirani unaolalia ukuta. Kamera nne: mbili dukani, moja mlango wa stoo, moja inaangalia kiwanja. Fundi kaja na begi lake, kafunga vizuri tu, waya zimenyooka, picha mchana safi kabisa mpaka unasoma namba ya mfuko wa saruji. Nikamuuliza sasa usiku itakuwaje, akanijibu hivi, maneno yake mpaka leo nayakumbuka: "Bosi hii ina akili, inajua mtu na inajua paka, mtu akiingia tu inarekodi na simu yako inalia, wewe lala."

Aisee, ile mashine haikuwa inajua mtu wala paka. Nimekuja kuelewa baadaye, na kama angenieleza hiki kitu kwa dakika mbili tu nisingepoteza mali. Inavyofanya kazi ni hivi: inachukua picha ya sasa hivi, inailinganisha na ya nyuma yake, kiboksi kwa kiboksi, inatoa tofauti. Hapa palikuwa cheusi sasa pana cheupe, hapa palikuwa kijivu sasa pana cheusi, basi, vikibadilika viboksi vya kutosha kupita kiwango ulichoweka inasema kuna mwendo. Haijui kilichobadilika ni kitu gani, inajua kuna kilichobadilika. Tawi likitikisika, limebadilika. Wingu likipita juani, limebadilika. Taa ya bodaboda ikipiga ukutani, ukuta mzima umebadilika. Na mwizi aliyevaa nguo nyeusi anayenyata mita kumi na tano kutoka kwenye kamera, kwenye kona ambayo mwanga haufiki, huyo habadilishi kitu. Kweusi juu ya kweusi, tofauti ndogo, mashine inamuona kama chengachenga za picha za usiku.

Sasa ikaja vuli, Novemba, mvua mbili za mwanzo na kumbikumbi wakatoka. Zile kamera usiku zinawasha vitaa vya infraredi pembeni ya lenzi, macho yetu yanaona kawekundu kadogo tu lakini kamera inaona mchana. Kadudu kakiruka sentimita ishirini mbele ya lenzi kanamulikwa na vile vitaa, kwenye picha kanatokea doa jeupe kubwa kama sufuria. Halafu buibui naye anajua wadudu wanapokuja, anatega utando pale pale kwenye kioo, upepo ukivuma ule utando unacheza, mwendo. Tone la mvua likishuka, mwendo. Simu yangu ilikuwa inalia usiku kucha, naamka nakuta notifikesheni zimepita mia, nafungua moja moja: mdudu, mdudu, tawi, mdudu, paka, mvua. Wiki ya pili mke wangu akaniambia ama simu ilale sebuleni ama nilale mimi sebuleni. Nikazima mlio.

Hapo ndo kosa lenyewe lilipoanzia, sikiliza vizuri. Nikampigia fundi. Hakuja. Akanielekeza kwa simu niingie kwenye menyu nishushe unyeti, ulikuwa 60 akasema weka 20. Halafu akasema kuna gridi kwenye picha, futa vile viboksi vya upande wa mwembe ili matawi yasisumbue. Nikafuta. Kesho yake kimya. Kumbikumbi kimya, mwembe kimya, nikamtumia na hela ya soda nikimshukuru.

Upande wa mwembe ndiko kwenye ukuta. Yaani kwa mkono wangu nilifuta njia ya mwizi kwenye macho ya kamera, na kwa kuwa ilikuwa inarekodi kwenye mwendo tu, pale palipofutwa hata wangepita na ng'ombe isingerekodi chochote.

Wakaja Jumapili kuamkia Jumatatu. Waya za umeme roli kumi na nane, pampu za maji tatu, mashine moja ya kukatia vigae, ukijumlisha kwa bei niliyonunulia mimi ni milioni nne na laki saba. Asubuhi nafungua stoo nakuta rafu ya waya iko tupu, vumbi limeacha mizunguko pale roli zilipokuwa zimekaa. Nikakimbilia kwenye DVR, ile mashine inayohifadhi rekodi za kamera, nikijua kabisa nawakuta sura zao. Usiku mzima kulikuwa na vipande viwili. Cha kwanza saa nane na dakika arobaini na saba, sekunde kumi na moja, mgongo wa mtu kabeba roli begani anatoka kwenye fremu, ameshaanza kupotea wakati rekodi inaanza, kwa sababu ile sehemu ya kuhifadhi sekunde chache kabla ya tukio fundi aliacha sifuri. Na mkono wake umekuwa moshi, kwa kuwa usiku kamera inaacha shata, yaani kile kinachoruhusu mwanga kuingia, wazi muda mrefu ili ipate mwanga. Ikiwa moja ya ishirini na tano ya sekunde, mtu anayekimbia mita nne kwa sekunde anasogea sentimita kumi na sita ndani ya picha moja, utamtambuaje? Kipande cha pili ni paka, saa kumi na moja alfajiri.

Mpelelezi kaangalia, karudia, kaniuliza: "Ndiyo hii tu?" Ndiyo hii tu afande.

Sasa hela zinarudi mkuu, kilichoniuma ni kingine. Nilikuwa na mzee analinda pale, mtu wa makamo ya baba yangu, miaka sita yuko na mimi hajawahi kupoteza hata msumari. Kamera ilionyesha mtu anatoka lakini haikuonyesha mtu anaingia, geti halijavunjwa, ukuta haujaonekana kabisa. Ukifuata rekodi, aliyebeba alikuwa ndani tayari. Na ndani alikuwa mzee. Wakamchukua. Kalala mahabusu siku tatu, mkewe anakuja dukani asubuhi na chakula kwenye hotpoti ananiuliza baba fulani kafanya nini, na mimi nasema mama subiri uchunguzi, kwa sababu na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kuamini ile picha.

Aliyemuokoa ni jirani mwenye mashine ya kusaga. Ana kamera moja, ya zamani, megapikseli moja, picha yake kama imepikwa, lakini ile kitu inarekodi saa ishirini na nne tangu alipoifunga, haijawahi kuamua chochote. Tukakaa kwenye kiti cha gunia tukarudisha nyuma mpaka saa saba na nusu, na ndo hao, watu watatu wanapanda mwembe kutokea upande wa nje, mmoja anakaa juu ya ukuta anapokea. Sura hazionekani lakini ni watatu na wametokea nje. Mzee katoka siku ile ile jioni. Nilimpigia magoti mbele ya mkewe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitaibishania na fundi yeyote: KUREKODI NI KAZI MOJA, KUAMSHA MTU NI KAZI NYINGINE, usiziunganishe. Kamera irekodi muda wote, usiku na mchana, mvua na jua, isipewe nafasi ya kuchagua. Mwendo uache uwe alama tu kwenye mstari wa muda, ili ukitafuta tukio usiangalie saa kumi na mbili zote, unaruka kwenye alama. Alama ikikosea, picha bado ipo. Hapo teknolojia inakusaidia bila kukushikia roho.

Na usidanganywe kuhusu hadidisiki, hesabu yake hii hapa, mtajie fundi uone atakavyojikuna. Kamera ya 1080p, yaani ya megapikseli mbili, ukiipa megabiti 4 kwa sekunde inakula karibu gigabaiti 43 kwa siku. Ukitumia mfumo wa kubana wa H.265 unaweza kuishusha mpaka megabiti 2 na picha bado nzuri, hiyo ni kama gigabaiti 22. Kamera nne ni kama 86 kwa siku. Terabaiti 2 zinakupa siku ishirini na tatu hivi kabla haijaanza kufuta za zamani. Ishirini na tatu! Mwizi gani utakaa siku ishirini na tatu hujajua kakuibia? Fundi wangu aliokoa hela ya hadidisiki moja.

Sasa kazi ya kuamsha. Hiyo mpe senso ya joto, ile ya PIR, kiboksi cheupe cha ukutani chenye kioo cha plastiki kilichokatwakatwa. Yenyewe haiangalii picha kabisa. Mwili wa mtu unatoa mnururisho wa joto, ule plastiki umegawa chumba kama vipande vya chungwa, mtu akitoka kipande kimoja kuingia kingine senso inaona joto limeruka, inapiga. Tawi halina joto tofauti na hewa, kumbikumbi mmoja hana joto la kutosha labda atue juu yake kabisa, giza halihusu. Ile senso ndogo ya PIR ya HC-SR501, kibao cha umeme wanachochezea wanafunzi wa vyuo kinafika kama mita 7, za kengele za wizi zinafika zaidi.

Lakini nayo ina tabia zake, nimezijaribu kwa miguu yangu. Ukiielekea moja kwa moja inachelewa kukuona, ukiikatiza kwa ubavu inakuona fasta, kwa hiyo ifunge kwenye kona ambayo anayetoka mlangoni kwenda kwenye mali LAZIMA aikatize. Haioni kupitia kioo cha dirisha, usihangaike. Usiielekeze kwenye mlango wa bati unaopigwa na jua, wala kwenye injini au jenereta. Na huku kwetu joto likipanda mpaka karibu na joto la mwili inapungua nguvu, kwa sababu ukuta na mtu wanalingana, stoo yangu ya bati saa nane mchana ilikuwa inaniona mita tatu tu wakati usiku inaniona nane. Bahati nzuri wezi wa stoo wanakuja usiku. Ifunge NDANI ya stoo, siyo kiwanjani, ndani hakuna anayetakiwa kuwepo usiku, kwa hiyo ikilia imelia kwa sababu. Yangu tangu niifunge imelia mara nne, mara tatu ni popo, na mara zote nne niliamka. Hicho ndo kitu, mtu anaamka kwa kengele anayoiamini, ile ya simu inayolia mara mia kwa usiku hata ungekuwa mlinzi wa ikulu utaizima.

Kuna kamera za siku hizi kweli zinatambua umbo la mtu, sikatai, zimefundishwa kwa picha nyingi na mchana zinajitahidi sana. Usiku mtu kainama, kajifunika kanga, nusu mwili uko nyuma ya mapipa ya rangi, zinampoteza. Nunua kama una hela lakini bado iache irekodi muda wote.

Megapikseli, kwa kifupi, shida ya sura haiko huko. Ili umtambue mtu usiyemjua kipimo kinachotumika ni pikseli 250 kwa kila mita ya upana. 1080p ina pikseli 1920 kwa upana, gawanya, unapata mita saba na kidogo. Kwa lenzi ya milimita 2.8 ambayo mafundi wanapenda kwa sababu inaonyesha kila kitu, upana huo unaupata mtu akiwa kama mita tatu tu kutoka kwenye kamera. Akiwa mita kumi unaona koti. Kwa hiyo moja kati ya hizo nne ishushe iwe usawa wa kichwa pale mlangoni, zote zikikaa juu ya dari utapata rekodi nzuri sana ya kofia.

Halafu usiku wa leo ama kesho, kabla ya hela ya mwisho, mzime taa na fundi wako, vaa nguo nyeusi, toka kwa nyuma, ruka ukuta kama kweli, nyata mpaka stoo, beba kitu, rudi. Yeye akae kwenye skrini. Mkimaliza afungue ile menyu ya ratiba ya kurekodi mbele yako, siku zote saba, kuanzia sifuri mpaka ishirini na nne, rangi ya rekodi ya muda wote iwe imejaa bila pengo hata la nusu saa. Ipige picha uiweke hapa chini niione.