Fundi wa Gemu: Supra ina nguvu, mbona inapitwa?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Kwenye banda letu la gemu hapa Isevya, Tabora, tunacheza Gran Turismo 7, gemu ya mbio za magari, kwa PS4. Nina Toyota Supra RZ ya 1997. Nimeifunga turbo kubwa, lakini kwenye mbio za PP 700 (alama za uwezo wa gari, zisizopaswa kupitwa) za Le Mans, ule uwanja wa Ufaransa, kila nikitoka kona mkia unachomoka. Wenzangu wenye nguvu za farasi chache wananiacha. Nakosea wapi?

JIBU: Turbo imekula bajeti yako. PP 700 ndiyo mfuko wote ulio nao, na ukishaumaliza kwenye injini hakuna kinachobaki cha kununulia mshiko. Halafu turbo ya mzunguko wa juu wa injini inachelewa kuamka: unakanyaga katikati ya kona, kimya, kisha nguvu zote zinafika kwa mkupuo wakati usukani bado umekunjwa. Kwa gari linalosukumwa na tairi za nyuma, hapo lazima mkia uende.

Anza upya kwa mpangilio huu. Kwanza tairi: za mbio aina ngumu zinatosha, maana mbio ni za dakika 30 na laini zinakwisha mapema. Zitapandisha PP, usishtuke. Pili, punguza uzito, kwa sababu uzito mdogo unasaidia kwenye breki, kona na mchomoko kwa pamoja. Ila hatua hiyo hairudishwi nyuma, kwa hiyo ukizidisha itabidi uongeze vizito. Tatu, springi na shokapu za kurekebishika pamoja na difu ya kurekebishika, kile kifaa kinachogawa nguvu kati ya tairi mbili za nyuma. Injini iwe ya mwisho, na turbo chagua ya mzunguko wa chini au wa kati. PP zikizidi kikomo, tumia kizuizi cha nguvu: kinaanzia asilimia 100 na kinashuka hadi 70. Shusha asilimia moja moja huku ukiangalia namba ya PP, usikate kumi kwa pigo moja.

Kwenye difu ndiko wengi wanakoharibu. Ina vipimo vitatu, kila kimoja kwa mizani ya 5 hadi 60. Anza na torki ya awali 5 hadi 10, namba ya kuongeza mwendo 15 hadi 20, namba ya breki 15. Kisha nenda kona ya Mulsanne, ile ya kulia ya polepole mwisho wa mnyoofu mrefu, ukatazame unapotoka. Sindano ya mzunguko ikiruka lakini mkia umetulia na gari halisogei, tairi ya ndani inazunguka bure: ongeza ile namba ya kuongeza mwendo kwa 3 au 5. Mkia ukitoka kabla hujakanyaga sana, difu imekaza mno: punguza. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa difu, springi na bawa kwa pamoja, gari likipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Giaboksi nayo usiisahau. Ukigonga ukomo wa mzunguko kabla ya mwisho wa mnyoofu, gia ya mwisho ni fupi. Ukifika breki gia hiyo haijajaa, ni ndefu.

SWALI: Gari langu lilikuwa PP 699 na linaingia vizuri. Nimebadilisha oili tu, sasa nakataliwa kuingia kwenye mbio. Ni hitilafu? – Msomaji, Ng'ambo, Tabora.

JIBU: Si hitilafu. Oili iliyochoka ilikuwa imepunguza nguvu za injini. Umeibadilisha, nguvu zimerudi, na PP zimepanda kidogo tu kupita 700. Shusha kizuizi asilimia moja. Safari nyingine badilisha oili kwanza, ndipo upange gari.

SWALI: Nacheza kwa pedi. TCS, ule msaada unaozuia tairi kuzunguka bure, nizime kabisa kama wanavyosema mabingwa? – Kanyenye.

JIBU: Hakuna haja. Weka 1, au 2 mvua ikinyesha, na kule Le Mans mvua huja bila hodi, hivyo nunua tairi za mvua mapema. TCS ya 5 inabana injini hata pale unapoihitaji. Mchanganyiko wa mafuta nao una ngazi 1 hadi 6: 1 ni nguvu zote, 6 ni kubania. Kwenye minyoofu kaa 1 unapokimbizana na mtu, ukiwa peke yako panda hadi 3 au 4, uokoe kusimama mara moja pit, pale pa kujaza mafuta na kubadili tairi.